Faksi ya Jumatatu

Bienfait alichukua makasi akakata mstari wa juu wa faksi, ule unaoonyesha namba ya simu iliyotuma na saa, akauchana vipande vipande. Ndivyo alivyofanya kila Jumatatu tangu Novemba. Leo makasi yalikwenda upande, akarudia.

Faksi yenyewe haikutoka Bukavu. Ilitoka mashine ya kushoto ikaingia mashine ya kulia, mlemle katika duka la simu alimofanya kazi, hapo Ixelles, Brussels. Aliiandika mwenyewe Jumapili, duka limefungwa: Radi mbili, Volcan moja, bao la ushindi Florent, namba tisa, mguu wa kushoto.

Radi ilikuwa timu ya chuo cha ualimu cha Bukavu, na Florent alikuwa rafiki yake wa chumba kimoja pale chuoni. Faksi moja tu ilikuwa ya kweli. Ilifika Novemba, vita vikiwa vibichi: Florent amekufa, mwambie baba yake. Bienfait aliikunja, akaenda, akamtazama baba huyo, Papa Mathieu, machoni. Akasikia mdomo wake unasema Radi wameshinda. Loo! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bienfait ilikuwa imefika mwezi wa Machi, na leo ilikuwa inafika ukutani. Leo angekuja kula nao Jean-Baptiste, kaka yake Maman Pétronille mwenye mgahawa, mtu mzima aliyetoka Goma kwa kupitia Bukavu.

Alifika kwenye mgahawa wa Maman Pétronille, nyuma ya uwanja wa Flagey, saa sita na robo. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Kila mlango ulipofunguliwa, aligeuka.

Papa Mathieu aliingia akiwa na sweta tu, mvua imemlowesha mabega.

"Papa, koti iko wapi?"

"Nimeazimisha muntu. Leta faksi."

Aliisoma amesimama, kidole kikifuata mstari. "Deux-un! Maman Pétronille, kuya usikie! Volcan yako bamepigwa tena!"

Maman Pétronille alitoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye ni wa Goma, na Volcan ni timu ya chuo cha kilimo cha kwao. "Tena? Arbitre wa filimbi alikula ngapi?"

"Beki zenu balilala! Murudi kulima maharagi!"

"Na nyie balimu munajua kuandika mabao na chaki ku tableau tu." Bienfait alikohoa, kahawa ikamwagika kwenye sahani. "Bon, tutaona," Maman Pétronille akaendelea. "Match ijayo muko na ba Uvira. Bale banacheza na viwiko, hawana huruma."

"Florent atabapita."

"Atapita wapi? Ku hewa?"

"Atabapita, nakuambia!" Mzee aligeuka, sauti ikashuka. "Lakini Bienfait, ukiandikia coach, sema bamutoshe ku kiwanja mbele ya mwisho. Mutoto anachoka."

"Nitasema, papa."

Zamani, kila faksi ilipokwisha kusomwa, mzee aliuliza: na yeye mwenyewe ataandika lini? Swali lile lilikuwa likimchoma Bienfait kama pilipili jichoni. Tangu Noeli mzee hakuuliza tena, na Bienfait alimshukuru Mungu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume mrefu, mwembamba, macho mekundu ya safari, amevaa koti la kahawia lenye mikono isiyomfika vifundoni na kifungo kimoja cheupe. Maman Pétronille alimkumbatia, akalia kidogo, akacheka, akamsogezea sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na fufu ya muhogo. Kisha, kabla mgeni hajanawa mikono:

"Kaka, wewe umetoka kule. Sema ukweli ya Mungu. Hii Radi, umebaona banacheza?"

Bienfait alishika ukingo wa meza. Sasa hivi, mbele ya sahani ya samaki, mzee atamzika mwanawe.

Jean-Baptiste alimtazama Papa Mathieu, halafu akamtazama Bienfait.

"Nimebaona," akasema. "Iko namba tisa moja pale. Ule mutoto hakamatike."

Papa Mathieu alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Si nilisema! Maman Pétronille, umesikia?"

Bienfait hakusikia jibu. Kwa pumzi moja aliamini. Labda faksi ya Novemba ilikosea! Labda Florent yu hai, anakimbia na mpira mguuni, na yeye miezi yote hii alikuwa anaandika ukweli bila kujua. Furaha ilimpanda hadi kooni. Jean-Baptiste alipotoka nje kuvuta sigara, alimfuata mbio.

"Tonton! Florent ni muzima?"

Mgeni alitikisa kichwa polepole. "Hapana, mutoto yangu. Nilisaidia kumuzika."

"Alors, mbona umesema..."

Hapo macho yake yakaangukia kile kifungo cheupe. Alikijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekishona kwenye koti la Papa Mathieu, majira ya baridi yaliyopita. Na nani asiyejua kwamba Brussels mtu anayetoka nyumbani hupokelewa uwanja wa ndege kwa koti?

"Papa Mathieu alinipokea asubuhi, ku Zaventem," Jean-Baptiste akasema. "Anajua tangu Noeli, padri alimwandikia. Aliniomba kitu moja tu, nisikukatishe. 'Ule kijana akiacha kuandika,' alisema, 'nitakuwa nimepoteza batoto babili.'"