Chupa ya Kioo

Idrissa alishuka kwenye kabaza kabla ya kufika, akisema baiskeli inaruka mno mashimoni. Njia iliyobaki hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka aliikata kwa miguu, fulana tupu kwenye baridi ya Juni, koti lake amelikumbatia kifuani. Ndani ya koti mlikuwa na chupa ya kioo ya kumnywesha mtoto.

Muuguzi ndiye aliyemtia kiwewe. Alimwambia plastiki iliyokwaruzika, ikichemshwa kila siku, huacha kemikali zake kwenye maziwa. Na chupa ya mwanawe Bahati ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga na kutokoswa hadi ikafifia kama jicho la mzee. Mkewe Sumaya alikufa akimzaa mtoto huyo. Idrissa hakuwa na moyo wa kuzika tena.

Basi huko Lilongwe aliiuza simu ya marehemu, sauti yake ikiwa bado imo ndani. Alilia barabarani, na wala hakujificha.

Mama mkwe wake, Bi Mauwa, aliipokea chupa kwa mikono miwili. Idrissa akamweleza ilivyopatikana, akamsihi aitunze kama mboni ya jicho, na mtoto asinywee tena ile ya plastiki.

"Nimesikia, baba," akasema, akaingia nayo jikoni. Idrissa hakumfuata. Kwao Kindu, mwanamume kuingia jikoni mwa mama mkwe ni aibu, na ukimbizi wote ule haukuwa umeifuta.

Akarudi mtaani Chinsapo, Lilongwe, kuuza mitumba yake. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kumwona mwanawe, na kila mara Bahati aliletewa uani maziwa vuguvugu kwenye kioo kinachong'aa. Hata hivyo hofu haikumtoka. Alikuwa akiiona chupa imepasuka motoni, mtoto karudishiwa plastiki, na yeye hana tena cha kuuza.

Ijumaa moja uvumilivu ukamwisha. Akamuuliza Bi Mauwa, macho chini kwa heshima, kama kweli kioo kile kinauweza moto.

Bi Mauwa akatabasamu kwa huruma.

"We usiogope, Baba Bahati. Chupa ya Sumaya hii, mi naweza kuiweka ku moto? Haijagusa moto hata siku moja. Maziwa natia mu ile ya zamani ya plastiki, naitokosha mu sufuria mpaka inaiva muzuri, njo namimina umu."