Makofi ya Mama

Arobaini ya mama yake ilipopita, Saumu alirudi studio kufuta albamu ya nyimbo za harusi aliyoiacha katikati alipofiwa.

"Kabla sijafuta, sikiliza hiki," alisema Kombo, fundi mitambo. Akazima ngoma, akazima kinanda, akazima na sauti ya Saumu mwenyewe. Yakabaki makofi ya mtu mmoja, kila pigo likichelewa kidogo.

Saumu aliyajua. Siku ya kurekodi waitikiaji hawakutosha, mama akaombwa asaidie kupiga makofi. Wimbo ulipokwisha, Saumu alimnong'oneza Kombo, "Mtoe mama, anatuharibia." Mama alisikia. Alijifunga upya kanga yake, akasema, "Mikono imezeeka, mwanangu," akaenda kuwachemshia chai.

"Kumbe hukumtoa?" Saumu alimuuliza Kombo.

"Nilimzima tu, dada."

Saumu akavaa hedifoni. "Ngoma usizirudishe. Makofi haya yaweke kwenye nyimbo zote."

Akasogelea maikrofoni. Kofi la kwanza likalia, naye akaimba neno moja tu, polepole, kisha akanyamaza, akilisubiri la pili.