Bata Mzinga Ndani ya Bidon

Miguu ya bata mzinga ilichomoza nje ya sufuria kubwa. Beseni nalo halikuwa na kina. Kesho ni komunio ya kwanza ya mtoto wao Shekina, na Ernestine alikuwa ameapa kwamba safari hii nyama haitakauka: ndege mzima atalala ndani ya maji ya chumvi na ndimu.

"Mama, weka mu bidon ya mayi," mume wake alisema. "Njo mukubwa, na iko safi. Si tunakunywaka mule?"

Ni kweli. Bidon hilo, pipa la plastiki la bluu, mume alilileta mwenyewe kutoka mgodini miaka miwili iliyopita, wakalisugua kwa majivu hadi harufu ikaisha. Ernestine akahamishia maji ya kunywa kwenye ndoo, akamtumbukiza ndege, akafunika.

Asubuhi alizamisha mkono akamgeuza. Kifua, pale kilipolalia kitako cha bidon, kilikuwa kijani. Si kijani cha nyama iliyooza. Ni kile cha mawe ya shaba anayochimba mume wake. Alikisugua kwa kidole gumba, hakikutoka. Chumvi na ndimu vilikuwa vimekwangua kitu ambacho majivu hayakukifikia.

Mume wake akaja, akatazama, akavua kofia.

"Bageni tutabaambia nini?" aliuliza.

Ernestine alikuwa anatazama ndoo ya maji ya kunywa, na kikombe kilicholowa juu ya mfuniko wake.

"Mama," Shekina aliita kutoka chumbani, "tumbo inaniluma tena. Lakini nimekunywa mayi, vile unasemaka."