Doa Jekundu la Rangi ya Kucha

Jamani, nimeliokoa! Jedwali la wagonjwa wote wa kliniki, lililoharibika asubuhi, limerudi!

Nakala yake pekee ya akiba ilikuwa kwenye flashi, na flashi nilidhani nimeipoteza mimi. Bosi akaapa kunifukuza leo leo. Shoga yangu wa meza ya pili tulipindua naye droo zote tukiitafuta.

Kila nikilifungua jedwali kutoka mwanzo, kompyuta iligoma palepale penye ubovu. Nikajaribu kulisoma kinyumenyume, kutoka kwa mgonjwa wa mwisho. Weee! Majina yakamiminika, na dawa zao. Nikapiga kigelegele humohumo ofisini, machozi yakanitoka.

"Sasa unalia nini, mpenzi? Si umeshinda!" Shoga yangu akacheka, akapekua mkoba wake anipe tishu.

Tishu ikatoka na kitu, kikadondoka kwenye kibodi yangu. Flashi. Ina doa jekundu la rangi ya kucha, nililipaka mwenyewe ili isipotee.

Akaifunika haraka kwa kiganja. "Ngoja nikueleze," akanong'ona.

Bosi akachungulia mlangoni. "Enhe, binti, imepatikana?"

Nikaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja.