Kovu Kwenye Damu

Mjane alimkamata fahali pembe kwa mikono miwili, daktari wa mifugo akamchoma sindano shingoni. Damu nyeusi ikapanda polepole kwenye kichupa.

"Unatetemeka, mama," daktari alisema. "Fahali katulia tuli, wewe ndiye unayetetemeka."

"Ni baridi tu."

Jua lilikuwa utosini.

Mama mkwe alikaa kwenye kigoda mlangoni pa zizi. Tangu amzike mwanawe, mwaka uliopita, hakuwa amemsemesha mkwe wake. Yeye na majirani walikuwa na lao: mwanamume wa kuangusha fahali haamki mzima akafa kabla jua halijazama. Mkewe anajua.

"Tunapima makundi yote, bibi," daktari alimweleza. "Kuna virusi vya homa vinavyotoka kwa ng'ombe vikamshika hata anayewahudumia. Ng'ombe akiugua akapona, damu yake hubaki na kingamwili, kama kovu. Tukizikuta, tutajua homa ilipita hapa."

"Na msipozikuta?"

"Basi haikupita."

Bibi kizee akageuka, akamkazia macho mkwe wake. "Haya. Tutaona."

Siku zile za kusubiri majibu, mjane alikuwa akikesha. Tangu mazishi alikuwa akilala sebuleni, chumba cha kulala amekitia kufuli. Hata hivyo alimsikia mumewe mle ndani akigugumia, akiomba maji, akimwita kwa jina la utani alilompa walipooana. Alijiziba masikio kwa kanga. Sauti ikapenya vilevile.

Daktari aliporudi aliwakuta zizini, kila mmoja upande wake.

"Kingamwili zimo karibu kundi zima," alisema. "Homa ilipita hapa, tena kwa kishindo. Sasa ng'ombe hawana neno, hamtachinja hata mmoja. Lakini marehemu... poleni sana."

Pikipiki yake ilipotokomea, mama mkwe alijishika kichwa, akaketi palepale kwenye samadi.

"Kumbe homa," alisema. "Mwanangu kachukuliwa na homa, na mimi nikakutwisha mzigo usio wako. Nisamehe, mwanangu."

"Yamepita, mama."

Mjane akachuchumaa, wakakumbatiana. Akalia. Hakuwa amelia tangu mazishi, na hilo nalo majirani walikuwa wamelisema sana.

"Nipe maziwa," bibi akasema, akijipangusa kwa ncha ya kanga. "Mwaka mzima sijatia mdomoni kitu cha mkono wako. Leo nataka."

Mjane akaingia jikoni, akakawia kidogo, akarudi na kikombe kimejaa pomoni. Akasimama kando akimtazama mama mkwe akinywa bila kupumua, kichwa amekirudisha nyuma, mpaka tone la mwisho.

Mwanawe naye alikunywa vivyo hivyo siku ile, bila kuisikia dawa ya kupe.