Bolti Nne za Sifael

Anande aliingia kituoni akihema, akamshtaki mumewe mbele ya watu.

"Sifael ameiba bolti za reli. Nne. Ziko nyumbani."

Tarlochan, mkaguzi wa njia, akaweka kikombe chini. Tangu Waingereza walete reli hapa chini ya Mlima Meru, kijiji kizima kilijengwa kwa mabaki yake. Milango ilikuwa ya mataruma, mbao za kulalia reli, na kengele ya shule kipande cha reli. Wizi haukumshangaza. Alishangaa mke kumchongea mumewe.

"Mmegombana?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Yule? Nani amtake!" Wauza ndizi wakacheka. Anande hakucheka. "Twende sasa hivi, bwana. Atazihamisha."

Sifael, kibarua wa reli, alikuwa amekaa mlangoni na koti lake la kazi. Bolti zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, zimefutwa vumbi. Mwizi gani anapanga mali ya wizi mlangoni? Tarlochan hakupenda.

"Umezitoa wapi?"

"Njiani, bwana. Sikumbuki mahali."

"Hukumbuki! Juzi ulisimamisha gari la moshi kwa hadithi zako za mto na daraja, nikakunyang'anya bendera ya kusimamishia. Kumbe ulikuwa unanizuga upate kuiba!"

Sifael alimsogezea gunia.

"Unajua hii ni jela? Na nyumba ya reli mtahama leo?"

"Najua."

Anande alitazama jua. "Gari la abiria la kutoka Moshi limeshatoka?" aliuliza.

Swali hilo Tarlochan hakulipenda pia, lakini lilimkumbusha kazi. Sheria ilikuwa moja: bolti ikipotea, gari halipiti mpaka njia ikaguliwe kwa miguu. Alikimbia kituoni, akapiga simu. Gari la abiria likazuiwa kituo cha nyuma. Askari wa reli akaja, akamfunga Sifael pingu. Anande akamfunga vifungo vya koti, maana mikono yake haikuweza tena.

"Mwanamke mnafiki," mtu akasema. 

Tarlochan akaifuata njia, kiungo baada ya kiungo, akilaani kila hatua. Maili mbili alitembea. Alihesabu bolti zote, wala hakukuta tundu hata moja lililo wazi.

Akafika darajani. Akainama kukagua viungo vya mwisho, macho yakateleza chini. Nguzo ya katikati haikuwa na jiwe hata moja chini yake. Ilikuwa imening'inia kwenye reli, na maji yalikuwa yakipita chini yake, kama Sifael alivyosema juzi.