Masika Yalipotangazwa

Mvua ilikuwa ya siku ya tatu, lakini Ofisi ya Majira ilikuwa bado haijatangaza masika. Na siku hizi magurudumu ya baiskeli hujifunga yenyewe, yasizunguke tena, yakiwa na matairi yasiyo ya msimu uliotangazwa. Mkunde, mkunga wa kijiji, alibonyeza tope la njiani kwa kidole gumba. Kilizama chote.

"Tufunge yale ya meno marefu," alisema mumewe, Shemdoe, akitazama matairi ya masika yaliyoning'inia ukutani.

"Baiskeli haitatoka hapa uani," alisema Mkunde. "Bado ni kiangazi kwao. Na yule mama wa ng'ambo ya mlima, chupa imeshapasuka."

Shemdoe akainama, akapunguza upepo kwenye matairi ya kiangazi ili yashike tope walau kidogo. Mkunde akapanda, mkoba wa uzazi mgongoni, akashika njia ya msituni ya kuvuka mlima.

Saa nne redio ikatangaza kuwa masika yameanza. Jirani alishukuru kwa sauti, kwamba hatimaye wamesema kweli.

Shemdoe alikuwa anapiga hesabu ya mwendo: wakati huu mkewe alikuwa katikati ya mteremko mkali, kwenye matairi ya kiangazi.